Mama Anapoeleza Sinema

Mama yangu aliniharibia sehemu ya mwisho ya tamthilia niliyoifuata karibu mwaka mzima. Nilikuwa nimetoka Mwihoko hadi kwao Kalimoni makusudi ili tuitazame pamoja, mimi, yeye na Baba. Nilikuwa nimebeba mkate, na hata simu nilikuwa nimeizima. Ni tamthilia ya hapa hapa nchini, ya familia tajiri inayogombania machimbo ya mawe. Binti mkubwa amerudi kutoka ng'ambo na hakuna anayejua kama amekuja kumuuguza baba yake au kumrithi. Sehemu hiyo yote ilikuwa imejengwa juu ya dakika moja tu: binti anafungua mlango wa chumba cha mgonjwa, na sisi tunabaki nyuma ya mgongo wake. Kamera haiendi mbele. Hakuna muziki. Tunasikia pumzi yake tu, na hatujui ameona nini. Aliyetunga hapo alijua kazi yake. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai na nimesahau kunywa.

"Amefungua mlango," Mama akasema. "Amesimama. Amevaa ile nguo ya kijani. Sasa amegeuka, analia kidogo, machozi inatoka hii jicho ya kushoto."

"Mama, tunaona," nikasema.

"Sawa," akasema, kisha akaendelea kana kwamba sijafungua mdomo. "Anarudi kwa gari. Dereva amemfungulia. Gari ni ile nyeusi."

Nilikasirika kama mtoto. Niliweka kikombe chini kwa kishindo, nikamtazama Baba nikitarajia amkemee. Baba alikuwa ameegemea kiti chake, mikono imefungwa kifuani, anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayesomewa habari njema.

Inafaa mjue kwamba mimi ni mtu wa sinema. Nina kibanda Mwihoko, chini ya nyumba za kupanga, ninakouza chaja na vifuniko vya simu, lakini kazi yangu hasa ni kuwajazia watu sinema na tamthilia kwenye flash. Watu walisema kazi hii itakufa mtandao ukienea. Haijafa, kwa sababu bando huisha na flash haiishi. Mteja akija haanzi na bei. Anaegemea kaunta na kuuliza, "Siste, hii iko aje?" Nami namwambia ukweli, hata kama ukweli utaninyima mauzo. Juzi nilimkataza mama mmoja kuchukua msimu wa pili wa ile ya Kikorea ya mpishi na mrithi wa hoteli. Waandishi walimpoteza mama mkwe katikati ya hadithi, halafu wakamrudisha akiwa mtu mwema bila sababu yoyote. Mama mkwe habadiliki hivyo. Mteja alifikiri kidogo, akakubali, akachukua ya wapelelezi.

Kwa hiyo mtu akiongea wakati wa sinema nzuri, mimi naumia kweli. Na tabia hiyo sikuiokota mtaani, niliipata kwa Baba. Nilipokuwa mdogo alikuwa dereva wa trekta katika shamba la kahawa, na mara moja moja lilikuja gari la sinema. Shuka jeupe lilitundikwa kwenye ukuta wa ghala na wafanyakazi wote wakaketi nyasini. Baba alinibeba mabegani. Mtu akianza kueleza wenzake kinachoonekana, Baba aligeuka na kumwambia aende akaongee na ng'ombe. Kwake yeye, sinema ilikuwa kitu cha kutazamwa kwa heshima, kama ibada, na aliyekosa kuelewa angejua mbele ya safari.

Mtu huyo huyo, miaka miwili hivi iliyopita, alinipigia simu kibandani akaniomba sinema za dijei.

Kama hukukulia kwetu, nikueleze. Mtu huchukua filamu ya ng'ambo, mara nyingi ya mapigano, na kuiwekea sauti yake mwenyewe juu, kwa Kiswahili na Sheng. Anaeleza kila kinachotokea. Anawabatiza wahusika majina ya mtaani, anawatania, anawatukana, na jambazi akijificha nyuma ya pipa anakuambia yuko nyuma ya pipa. Sinema hizo huniingizia pesa nyingi kuliko kitu chochote kibandani, na mimi mwenyewe siwezi kuzitazama hata kwa kulipwa. Baba pia alikuwa hazitaki. Aliwahi kusema kwamba kusikiliza dijei ni kutafuniwa chakula.

"Baba, huyu anaeleza hata mlango ukifunguliwa," nilimwambia siku hiyo.

"Hiyo ndiyo nzuri," akasema. "Niwekee nyingi."

Nilicheka, nikamjazia flash mbili. Nilidhani ni uzee umemlainisha. Niliwaambia hata wateja, nao wakacheka, wakasema mzee amekuwa kijana. Nikafurahia hadithi hiyo mwenyewe kwa muda mrefu, na haikunipitia akilini kujiuliza kwa nini Mama naye, ambaye zamani alisinzia kabla ya nusu ya sinema yoyote, sasa alikuwa anakaa macho hadi mwisho na kuongea.

Halafu nikapata filamu ya stesheni.

Ni filamu ya kutoka nchi ya baridi, haina mapigano na karibu haina maneno. Kuna mzee anayetunza stesheni ndogo ya treni kijijini. Kila majira ya baridi mama mmoja anashuka pale, anangoja treni ya pili, anaondoka. Mzee anampikia chai. Hawasemezani zaidi ya salamu. Miaka inapita, wote wawili wanazeeka, na mwishowe mzee anajikaza. Treni ikiwa karibu kuondoka, anasimama chini ya dirisha la yule mama akiwa na vikombe viwili badala ya kimoja, na anainua kile cha pili. Kinanda kinalia kitamu kabisa. Yule mama anakitazama kikombe, anatabasamu, na anatikisa kichwa polepole kukataa. Anatabasamu ili asimuumize. Treni inaondoka. Niliiona kibandani mchana, nikalia hadi mteja aliyekuja kununua waya akaniuliza kama nimeibiwa.

Niliwaza moja kwa moja juu ya Baba. Hii ilikuwa sinema ya zamani zile za mabegani. Jumamosi nikapanda kwenda Kalimoni nayo.

Mama alikuwa zizini anakamua. Niliwasha, nikaketi na Baba. Tangu mwanzo hakutulia. Aliuliza Mama yuko wapi. Nikasema anakamua. Baada ya muda akauliza tena. Nilipocheka, alicheka, ila kicheko chake kilichelewa kidogo, kama mtu aliyeambiwa mzaha kwa lugha asiyoijua vizuri. Nikafikiri filamu inamchosha, na nikaanza kuwa na wasiwasi wa kawaida wa mtu aliyeleta zawadi isiyopendwa. Kisha tukafika mwisho. Kinanda kikalia. Yule mama akatabasamu, akatikisa kichwa.

"Afadhali amekubali," Baba akasema kwa sauti ya kuridhika. "Mzee apate mtu wa kukaa naye."

Niligeuka kumtazama. Nilidhani anatania. Uso wake ulikuwa umeelekea kwenye runinga, lakini macho hayakuwa pale. Yalikuwa yametua pembeni kidogo, karibu na kalenda ya kanisa iliyo ukutani, nayo yalikuwa yanang'aa kwa furaha.

"Ee," nikasema.

"Hii ni nzuri, maitu." Ananiita maitu, yaani mama. Mimi ni kifungua mimba na nimebeba jina la mama yake mzazi, hivyo tangu nizaliwe nimekuwa mama yake kwa jina. "Jumapili ijayo napeleka kwaya Thika, wako na mashindano. Nikirudi uniletee ingine kama hii."

Baba ana pikapu. Alipostaafu shambani aliinunua, na kila asubuhi anapeleka maziwa Juja, akirudi anabeba majani ya ng'ombe. Yeye ndiye pia anayebeba watu wa kanisa wakiwa na safari. Hajawahi kugonga hata kuku, na hilo huwaambia watu kabla hata hawajauliza. Sasa nilikuwa nimeketi naye kochi moja nikijua kwamba haoni kichwa cha mtu kikitikisika kwenye runinga iliyo hatua chache mbele yake, na kwamba Jumapili ijayo atapakia watoto wa watu nyuma ya gari hilo na kuingia barabara kuu.

Wiki hiyo sikufanya kazi ya maana, niliketi tu kibandani. Nilijaribu kutazama ile mpya ya wezi wa benki ambayo wateja walikuwa wameingoja kwa hamu, nikashindwa kumaliza. Kulikuwa na magari yakifukuzana katikati ya soko, matunda yakiruka, na kila mtu aliyeruka kando nilimwona akiwa na sare ya kwaya. Nikabadilisha, nikaweka ya mapenzi. Sehemu ya tatu, mchumba akapata ajali. Nikaweka ya vichekesho, na humo pia babu akaingia na gari kwenye kidimbwi cha kuogelea na watu wakacheka. Sijui kwa nini waandishi wakishindwa kumwondoa mhusika humpandisha gari. Zamani hilo lilikuwa lawama yangu ya kitaalamu tu. Wiki hiyo lilinifanya nizime kompyuta, nikawa nawauzia watu sinema bila kuwaambia ziko aje.

"Siste, leo uko na nini?" kijana mmoja wa boda akaniuliza. "Hata hujatukana hii muvi."

Nilimpigia Mama simu. Nilijifanya nauliza habari za ng'ombe, kisha nikauliza, "Mama, Baba anaona vizuri?"

"Anaona. Kwani amekuambia nini?"

"Hajaniambia kitu."

"Basi. Baba yako ameendesha gari kabla wewe uzaliwe."

"Na wewe huwa unaenda naye?"

"Kila siku. Nani atashika mitungi ya maziwa?"

Nilikata simu nikiwa nimetulia kidogo, kwa sababu angalau hakuwa peke yake. Utulivu huo haukudumu hata nusu saa. Nikakumbuka kwamba Mama hajui kuendesha gari, hajui hata breki iko wapi, na kwamba kama Baba atagonga kitu, watakuwa wawili ndani. Sasa nilikuwa na mtu wa pili wa kumhofia. Nikafikiria kumpigia mwalimu wa kwaya. Lakini ningemwambia nini? Kanisa zima lingejua kabla ya jioni, na Baba asingekanyaga pale tena, na nyumbani ningeingia kwa uso gani? Nikafikiria kuiba funguo. Nikafikiria kuharibu betri. Mimi, mtu mzima, nilikuwa naketi nyuma ya kaunta nikipanga hujuma kama mhusika wa tamthilia mbovu.

Jumamosi nilifunga kibanda, nikafika Kalimoni mapema kabla hawajaondoka na maziwa. Nikasema nataka lifti hadi Juja. Mama hakufurahi. Nilipotaka kuketi dirishani alinizuia kwa mkono.

"Dirisha ni yangu," akasema. "Nikikaa katikati natapika."

Kwa hiyo nikaketi katikati, gia kati ya magoti yangu, Baba kulia kwenye usukani na Mama kushoto, shingo ameinyoosha, uso karibu na kioo. Tukatoka langoni. Mama akaanza kuongea.

"Leo kuna vumbi. Kuna watoto wawili na jerikeni, hii upande yangu. Wamesimama. Boda anakuja, amebeba majani. Amepita. Sasa tunafika kwa ile shimo. Shimo ingine. Kuna mbuzi, lakini imefungwa."

Alisema hayo kwa sauti ya mazungumzo ya kawaida, kama mtu anayependa tu kusimulia mambo ya njiani. Mtu wa nyuma angedhani ni mama mwenye maneno mengi. Lakini mimi niliijua sauti ile. Ilikuwa ile ile ya jioni ya tamthilia. Amefungua mlango. Amesimama. Amevaa ile nguo ya kijani. Mama hakuwa ameniharibia sinema. Alikuwa akimwonyesha Baba, na hapa alikuwa akimwonyesha barabara.

Na Baba alikuwa anaendesha vizuri. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Alikata kona laini, alipunguza mwendo panapostahili, aligeuza usukani kukwepa shimo kabla neno shimo halijaisha mdomoni mwa Mama. Walikuwa wamezoeana hivi kwamba sikuweza kusema wazo ni la nani na mkono ni wa nani. Alikuwa hata anapiga mluzi.

Nilitaka kusema kitu na nikaogopa kusema, maana nikimkatiza Mama nitakuwa nimemfumba Baba macho. Nikaibana mikono kati ya mapaja, nikiangalia kila kitu kwa niaba ya wote watatu.

Karibu na machimbo ya mawe, mama mmoja wa kanisa alikuwa kando ya barabara. Alipunga mkono, akaita. Mama akatoa kichwa dirishani.

"Tuko salama," akamjibu. "Na nyinyi? Kesho basi, msichelewe."

Maneno hayo tu. Mbele yetu lori la mawe lilikuwa linatoka machimboni kwa kinyumenyume, limejaa vumbi, rangi yake na ya barabara ni moja. Liliingia katikati na kusimama. Baba hakupunguza mwendo. Nilimpiga Baba kwenye paja.

"Lori," nikasema. "Baba, lori."

"Simama, simama, simama," Mama akasema akiwa bado hajaingiza kichwa vizuri.

Alikanyaga breki. Mitungi ya maziwa ikagonga nyuma ya kabini, mimi nikagonga dashibodi kwa viwiko. Tulisimama karibu sana hivi kwamba kioo chote kilikuwa ni lori tu. Dereva wake hakujua hata kidogo. Aliweka gia, akaenda zake, na vumbi lake likatuingilia madirishani.

Injini yetu iliendelea kunguruma. Nyuma nilisikia maziwa yakitiririka.

"Ilikuwa lori?" Baba akauliza.

"Ni mimi," Mama akasema haraka. "Ni makosa yangu, mzee. Niliangalia kando, nilisalimia mtu." Alikuwa anajitetea kama mlinzi aliyekutwa amesinzia kazini, na hilo ndilo lililonikasirisha.

"Mama, unajisikia?" nikasema. "Usisalimie watu? Usipige chafya? Kesho mtakuwa na watoto nyuma, na kwenye barabara kuu magari hayangoji umalize sentensi."

"Hii barabara naijua hata nikiwa usingizini," Baba akasema.

"Lori hukuijua."

Mama alianza kulia bila sauti, akijipangusa kwa ncha ya leso. Alisema ilianza kama ukungu. Baba aliona ukungu hata mchana, akasema ni uchovu. Jirani yao alikuwa ametolewa mtoto wa jicho na akarudi haoni kabisa, basi Baba hakutaka hata kusikia neno hospitali. Mama akaanza kumsomea maandishi ya kwenye runinga. Kisha akaanza kumwambia nani ameingia na nani ametoka. Siku moja wakiwa njiani akamwambia kuna punda mbele, na Baba akasema asante, naye akaelewa kwamba hakumwona yule punda.

"Ningefanya aje?" akaniuliza. "Nimwambie asiendeshe, akae kwa nyumba, afanye nini? Nilifikiria nikiongea vizuri itatosha."

Nilikuwa naogopa kwamba nikiongeza neno moja tu Baba ataweka gia na kuondoka kwa hasira. Mkono wake ulikuwa bado juu ya gia, kati ya magoti yangu, na mishipa imesimama.

"Maitu," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Ile sinema ya stesheni. Yule mama wa treni. Alikubali ama alikataa?"

Mama akaacha kujipangusa, akatutazama. Hakuwa anajua habari hiyo.

"Alikataa, Baba," nikasema. "Alitikisa kichwa."

"Hakusema kitu?"

"Hakusema kitu. Alitabasamu tu, akakataa."

"Siku hiyo ulinyamaza sana," akasema. "Wewe ukipenda sinema hunyamazi. Nikajua kuna mahali nimekosea, lakini sikujua ni wapi." Kisha akazima injini. Akachomoa ufunguo, akaupapasa mkono wangu hadi akapata kiganja, akauweka humo na kukifunga kwa vidole vyake. "Kanisa wasiambiwe. Sema nimekupa gari kidogo, uzoee."

"Sawa, Baba."

Tulibadilishana viti pale pale kando ya machimbo. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha, kwa pikapu hiyo hiyo, kwenye vijia vya kahawa, lakini nilikuwa sijaishika kwa muda mrefu na klachi ilinisumbua hadi Juja. Hakunikosoa. Heri angenikosoa.

Jumapili nilivaa nguo nzuri. Wanakwaya walipanda nyuma na ngoma zao, wakanichangamkia, wakasema leo tumeletewa dereva wa muvi. Mwalimu wao aliuliza mzee ana nini, nikasema amenipa nizoee. Mbele tulikuwa watatu kama jana, ila sasa Baba ndiye aliyekuwa katikati, magoti ameyabana ili nipate nafasi ya gia. Hakuwa anajua aweke mikono wapi. Mwishowe aliiweka mapajani kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Tulikuwa tumepanga kwenda kliniki ya macho Thika siku inayofuata. Nilikuwa nimeuliza uliza na kuambiwa kwamba kama ni mtoto wa jicho huenda akatolewa, na kama ni presha ya macho kilichokwisha kwenda hakirudi. Nilikuwa nimewaambia habari ya kwanza. Ya pili nilikuwa nimebaki nayo, na kila nilipotazama kioo cha pembeni ilikuwa inanirudia.

"Kuna boda," Mama akaanza tulipotoka kanisani. "Anataka kuvuka. Polepole."

"Mwache," Baba akasema. "Yeye anaona."

Kwenye shimo la kwanza Mama akafungua mdomo, akaufunga. Kwenye la pili akasema "shi," akajizuia. Nyuma watoto walianza wimbo wao wa mashindano, ngoma ikitingisha bodi ya gari. Tukafika Juja, tukaingia barabara kuu, na malori yakawa yanatupita kwa upepo. Nilikuwa nimeushika usukani kwa nguvu hadi vidole vikauma. Upande wa Mama kulikuwa kimya, nikadhani amenikasirikia kwa maneno ya jana, na kwamba tutafika Thika tukiwa tumenuniana.

"Amelala?" Baba akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nikaangalia. Kichwa cha Mama kilikuwa kimemwangukia Baba begani, na kelele zote zile nyuma yake.

"Amelala," nikasema.

"Hajalala kwa hii gari siku nyingi sana." Hakusogeza bega. Tulienda kidogo, kisha akauliza, "Anakaa aje?"

"Mama?"

"Huwa ananiambia watu wote wanakaa aje. Hao wa runinga, wa barabara. Yeye mwenyewe hajitaji."

Miaka yote nimewaeleza wateja nyuso za waigizaji, nani amelia vizuri na nani amelia kwa kitunguu. Niliingia mstari wa pembeni, nikapunguza mwendo, nikageuka kumtazama mama yangu.

"Kitambaa kimeteremka," nikasema. "Mdomo uko wazi kidogo. Amekonda, hapa kwa mashavu. Nywele zimekuwa nyeupe."

"Za mbele?"

"Zote, Baba."

Baba akauinua mkono, akakitafuta kichwa cha Mama pale begani, akakirudisha kitambaa mahali pake bila kumwamsha.

"Sasa angalia barabara, maitu," akasema.